Mjadala: Je, riwaya ya picha inatosha kufundishia ukuaji wa mhusika?

Hoja: Wako wanaotaka riwaya ya picha, yaani hadithi ndefu inayosimuliwa kwa michoro na maneno pamoja, iingizwe kwenye vitabu teule vya fasihi. Wengine wanasema picha inamtafunia mwanafunzi kila kitu. Karibuni, ila tuje na mifano.

Kalamu Kavu: Napinga. Mhusika anaanza na koti la kijivu, anamaliza na koti jekundu, kisha tunaambiwa amekua. Amebadili nguo tu huyo.

Wino Mzito: Hiyo ni kazi mbovu, usiitumie kuhukumu utanzu mzima. Chukua Maus ya Art Spiegelman, kuhusu baba yake Vladek aliyenusurika mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi; ilipata tuzo maalumu ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, mwaka 1992. Wayahudi wamechorwa panya, Wajerumani paka, Wapolandi nguruwe. Myahudi anayejificha anavaa barakoa ya nguruwe. Vladek anasimulia kwamba mkewe Anja alikuwa rahisi kutambulika kuliko yeye, na pale pale mchoro unaonyesha mkia wa Anja ukining'inia nje ya koti. Maneno yanatoa habari, mkia unakutia hofu.

Kuhusu ukuaji, fungua juzuu la pili. Msanii amejichora yeye mwenyewe akiwa mezani, binadamu aliyevaa barakoa ya panya. Waandishi wa habari wanambana kwa maswali, mwili unasinyaa hadi anakuwa mtoto. Akitoka kwa mtaalamu wa saikolojia amerefuka. Akirudi kusikiliza sauti ya baba yake kwenye kanda, anasinyaa tena. Ukuaji wa kwenda mbele na kurudi nyuma, ndani ya kurasa chache! Niambie ametafuniwa nini hapo.

Kalamu Kavu: Mfano huo naukubali. Lakini mtihani utasahihishwaje? Kila mtu ataona ishara yake, hata kwenye kiatu.

Chaki Nyeupe: Kwa kudai ushahidi. Mwanafunzi achague ishara moja na aifuate angalau mara tatu: inapojitokeza, inapojirudia, inapobadilika. Kila mara aandike namba ya ukurasa, nani kaishika, na mhusika ametenda nini kabla yake. Pasipo tendo, asipewe alama ya ukuaji. Hiyo itamaliza habari ya viatu. Kisha afunike viputo vya maneno, yale maduara yenye usemi wa wahusika, kwa karatasi na asome mkao wa mwili, ukubwa wa mhusika ndani ya kisanduku, yaani fremu ya mchoro mmoja, na nafasi tupu inayomzunguka. Wengi hukwama hapa, kwa kuwa wamezoea kusoma viputo na kuruka michoro.

Jihadharini na nakala za fotokopi. Nyekundu na kijani zenye uzito sawa hutoka kijivu kile kile, na ishara ya rangi inafutika. Kwa hiyo kitabu cha darasani kiwe kilichochorwa kwa nyeusi na nyeupe tangu mwanzo.

Mstari Mwembamba: Mimi naunga mkono, ila kwa kitabu cha karatasi tu. Programu nyingine za simu huonyesha kisanduku kimoja kimoja. Mchoraji akishusha visanduku kutoka tisa hadi kimoja kinachojaza ukurasa, ule mshtuko unapotea kabisa kwenye kioo, maana vyote vinalingana. Hata siri aliyoiweka ng'ambo ya ukurasa ili uifunue kwa mkono haina tena pa kujificha.

Kalamu Kavu: Basi tunarudi kwenye gharama. Shule yenye nakala tano na wanafunzi sitini watafunika viputo vya nani?