Kwa nini karafuu ni za Pemba zaidi kuliko Unguja?

Muulizaji (Wete, Pemba): Jamaa zetu wa Mjini Unguja hutucheka kwamba sisi ni watu wa shamba, ilhali karafuu zetu ndizo zilizoipa nchi jina. Kwa nini zao hili liliegemea kwetu?

Jibu la kwanza: Ndugu yangu, kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na kwa kuwa Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, tangu hapo ndiyo inayoongoza kwa mavuno, ukipita msimu wa uchumaji utaona majamvi yameanikwa karafuu hadi ukingoni mwa barabara.

Jibu la pili: Sawa, lakini Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab cha mwaka 1905, ni yetu wa Mjini. Mchezo wa ng'ombe, ule wa Pemba wa kumchezea fahali uwanjani, tunawaachia, maana hatuuthubutu.

Muulizaji: Basi karibuni Chwale, huku kwetu Pemba, mtazame.