Unyevu kwenye tangi la kioo la vyura unashuka kila mchana, kosa liko wapi?

Kidimbwi ameuliza:

Habari wakuu. Naomba msaada kuhusu tangi la kioo la sentimita 45 × 45 × 60 ambalo mfuniko wake ni wavu mtupu. Ndani kuna Dendrobates leucomelas wawili, wale wa manjano wenye mikanda myeusi. Juu ya wavu kuna taa ya LED ya mimea na balbu ya joto ya wati 50. Asubuhi nikishanyunyizia, kipimo kinasoma 95%. Ikifika saa saba mchana kimeshuka hadi 45%. Nanyunyizia kwa mkono mara nne kwa siku, jumla kama nusu lita, na hali ni ileile. Udongo nao umeloa chapachapa, na ukichimbua kidogo unanuka yai viza. Kioo cha mbele kinakaa na ukungu mpaka saa nne asubuhi. Nafikiria kununua mashine ya kutoa ukungu. Itatosha, au kuna la kurekebisha kwanza?

Fundi Umande amejibu:

Mkuu, usinunue chochote bado. Maji unayo tele, ila yamekaa kwenye udongo, na yale yanayofika hewani yanatorokea juu.

Anza na hiyo balbu. Asilimia unayoisoma haikuambii kuna maji kiasi gani hewani, inakuambia hewa imeshiba kiasi gani kwa joto lililopo. Hewa ya 22 °C ikishiba kabisa hubeba takriban gramu 19 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ya 28 °C hubeba kama 27. Kwa hiyo hewa iliyosoma 80% alfajiri, ukiipasha tu hadi 28, itasoma 57% bila kupoteza hata tone. Hapo hatujahesabu kwamba hewa yenye moto hupanda, ikatokea kwenye wavu, na nafasi yake ikachukuliwa na hewa kavu ya chumbani. Leucomelas anataka 22 hadi 27 mchana, na usiku ikishuka hadi 20 hana tatizo. Kama ndani ya tangi unapata 23 bila balbu, iondoe kabisa. Wakipitisha 29 °C wako hatarini, na hapo unyevu hauwaokoi.

Pili, mfuniko. Kata kioo cha milimita 4, upana sawa na fremu, kina sentimita 38, kingo zisagwe zisikukate. Kilaze juu ya wavu kuanzia nyuma, uache wazi ukanda wa sentimita 7 upande wa mbele. Hapo umeziba kama 84%. Ikiwa tangi lina tundu la hewa chini ya milango, hewa itaingia pale, itapanda ikipapasa kioo cha mbele, itokee kwenye ule ukanda. Ndiyo maana ukungu utaondoka mapema. Ukiziba sehemu ya mbele na kuacha ya nyuma, unyevu utapanda vilevile lakini hutawaona vyura wako.

Tahadhari mbili: balbu ya joto isikae juu ya kioo hicho, inaweza kukipasua. Na kama una taa ya UVB (mionzi ya urujuanimno kama ya jua), iweke juu ya ukanda wa wavu, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia karibu mionzi yote ya UVB.

Majani Mabichi amejibu:

Naunga mkono yote hayo, ila mimi ningeanza na udongo, maana harufu ya yai viza si ya kusubiri. Maana yake maji yamepanda hadi kwenye udongo, hewa imekosekana, na bakteria wa mahali pasipo na oksijeni wanatoa hidrojeni salfaidi. Mizizi huoza hapohapo. Chura naye hanywi kwa mdomo, hunyonya maji kwa ngozi ya tumboni karibu na mapaja, kwa hiyo chochote kilichomo kwenye tope hilo kinagusana naye moja kwa moja.

Chini kabisa panatakiwa tabaka la sentimita 5 la vidonge vya udongo wa kuchomwa, juu yake wavu laini wa plastiki, kisha sentimita 6 hadi 8 za mchanganyiko unaopitisha maji: magome ya miti, nyuzi za nazi, vipande vya mkaa na sfagnamu (mimea laini ya kinamasi inayoshika maji) kidogo. Nyuzi za nazi peke yake hushikana na kuwa uji baada ya miezi. Funika yote kwa majani makavu, tabaka mbili tatu, na utie kolembola na isopodi, vijidudu vya udongoni, ili wale kuvu na mabaki.

Maji ya chini yabaki walau sentimita 2 chini ya ule wavu. Kwa tangi lako, lita moja ikifika chini hupandisha kina kwa takriban sentimita 1, kwa kuwa nafasi kati ya vidonge ni kama nusu tu. Nusu lita kila siku, hata ukitoa inayopotea hewani, hujaza tabaka haraka. Kamata udongo kwenye kiganja ukaminye: yakitoka matone mawili matatu uko sawa, yakitiririka umezidisha. Ulio mweusi na wenye utelezi utoe wote, haurudi kuwa mzima.

Kidimbwi:

Asanteni sana. Tangi halina tundu la kutolea maji chini. Nitayafyonzaje bila kufumua kila kitu? Na kipimo chenyewe nitakiaminije?

Majani Mabichi:

Chukua bomba la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 2, lisimamishe kwenye kona ya nyuma lipite udongo na wavu hadi kwenye kioo cha chini, mdomo wa chini ukiwa umekatwa mshazari. Juu lifunike, chura asitumbukie. Ukitaka kutoa maji unapitisha mrija mwembamba ndani yake na kuvuta kwa bomba kubwa la sindano. Kupitia kioo cha pembeni utaona kina kimefika wapi.

Pima Kwanza amejibu:

Kuhusu kipimo: chenye mshale achana nacho. Cha dijitali chenye waya kijaribu kwa chumvi. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, ongeza matone ya maji mpaka iwe kama mchanga mbichi, isiyeyuke yote. Ifungie pamoja na kihisio ndani ya chombo kisichopitisha hewa, joto liwe 20 hadi 25, visigusane, uache saa 24. Lazima kisome 75%. Kikisoma 70, unaongeza 5 kila usomapo. Tangini kihisio kikae katikati ya urefu, mbali na kioo na mbali na unakonyunyizia. Kikiloa kitasoma 99% kwa saa nyingi. Nashuku hata ile 95% yako ya asubuhi ni hiyo.

Ukungu wa kioo usiufanye kipimo. Hewa ya 24 °C yenye 80% huanza kutoa umande kioo kikipoa hadi kama 20 °C. Unaonyesha ubaridi wa chumba zaidi kuliko hali ya ndani.

Mashine ya ukungu siipendekezi kwa tangi hili. Inapandisha asilimia wakati inafanya kazi tu, haifikishi maji kwenye mizizi, na tangi lake lisiposafishwa kila wiki linarusha bakteria hewani. Pampu yenye nozeli na taima ni bora: sekunde 30 taa zinapowaka, nyingine 30 saa moja kabla hazijazimika. Tega kikombe upime inatoa mililita ngapi, ndipo uongeze au upunguze. Tumia maji yaliyochujwa yasiyo na madini, la sivyo nozeli zitaziba kwa chokaa na kioo kitakuwa na madoa meupe. Ya bomba, ukiyaacha wazi saa 24 klorini hupungua sana, lakini kloramini (klorini iliyoungana na amonia) haitoki hivyo, inahitaji dawa ya kuiondoa.

Lengo ni 80% hadi 90% kwa wastani, mchana ikigusa 70 si hoja. Majani yanatakiwa yakauke ndani ya saa mbili tatu baada ya kunyunyizia. Vyura wakikaa muda mrefu wamebana miguu chini ya mwili au kuganda kwenye kibakuli cha maji, kumekauka. Wakipanda juu na kutoshuka, au ukiona wekundu tumboni na vidoleni, huenda chini kumeloa kupita kiasi. Fungua ukanda uwe sentimita 10 na uruke mnyunyizio wa jioni.