MREJESHO: Sakafu ya trela iliyokuwa inabonyea

Wakuu, niliuliza kuhusu trela yetu ya kusafiria hapa Minnesota, sakafu inabonyea ukikanyaga karibu na kitanda, na wengi mkaniambia nisiguse sakafu kabla sijajua maji yanaingilia wapi. Asanteni sana, ule ushauri umeniokoa.

Nikapanda paani. Silanti (gundi ya kuziba maungio yasipitishe maji) ya kona ya mbele imepasuka na ile reli ya aluminiamu ya pembeni skrubu zake zimeshika kutu, kwa hiyo maji yalikuwa yanashukia ndani ya ukuta moja kwa moja hadi chini, ndo maana dari ilikuwa kavu kabisa. Nikang'oa reli, nikakwangua gundi yote ya zamani, nikaweka tepu mpya ya butili (utepe wa mpira unaonata, wa kuzuia maji) na silanti ya paa juu yake. Silikoni ya kawaida msiweke jamani, haishiki vizuri kwenye paa la mpira na ukija kurekebisha baadaye hakuna kitu kinanata juu yake.

Sakafuni sasa, plaiwudi ilikuwa inachanika kama mkate uliolowa, nikakata hadi nikafika mbao nzima ambayo bisibisi haizami, alafu nikasogea mpaka katikati ya bimu ili kipande kipya kipate pa kukalia. Sufi ya kuzuia baridi iliyokuwa chini ya sakafu nikatupa yote. Feni zikawaka usiku na mchana, kipimo cha unyevu kiliposhuka chini ya 15% ndo nikafunika.

Mvua kubwa imeshapita na pako kavu. Ukuta wa kona bado unasoma 19%, paneli sirudishi mpaka ushuke.