Wiki nane za mafunzo ya vitendo: niende kliniki ya mbwa na paka mjini au ofisi ya mifugo wilayani?

Mwaka wa Nne, Morogoro

Shikamooni madaktari na wataalamu wa mifugo mnaosoma hapa. Mimi ni mwanafunzi wa Shahada ya Udaktari wa Mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Nimemaliza mwaka wa nne kati ya mitano, na nina wiki nane za likizo ambazo nimeamua kuzitumia kujifunza kazi nje ya chuo kabla ya kuanza mwaka wa mwisho. Niliandika barua sehemu nyingi, na mbili zimenikubali.

Ya kwanza ni kliniki ya wanyama wa nyumbani jijini Dar es Salaam, yenye mashine ya eksirei, ultrasaundi na chumba cha upasuaji kilichokamilika. Ya pili ni ofisi ya mifugo ya wilaya moja mkoani Kilimanjaro, ambako wafugaji wengi wana ng'ombe wawili au watatu wa maziwa wanaofugwa ndani. Daktari wa huko ameniambia kwa uwazi kwamba vifaa vyake ni pikipiki, begi la dawa na darubini moja. Baba yangu anapendelea mjini, kwa kuwa anaona ndiko nitakakopata ajira baadaye. Mimi nahofia kwamba nikienda wilayani nitarudi bila kujua upasuaji, na nikienda mjini nitarudi bila kumjua ng'ombe.

Kuna jambo jingine linalonifanya niulize kabla ya kuamua. Mwaka jana nilipelekwa mahali ambapo sitapataja, nikakaa mwezi mzima nikijaza rejista za chanjo na kupanga makopo ya dawa kwenye rafu, na mwisho daftari langu la mafunzo likasainiwa kana kwamba nimefanya kila kilichoandikwa humo. Nilirudi chuoni nikiwa na aibu, kwa sababu sikuwa nimemshika mnyama hata mmoja. Nauli, chakula na chumba nitajilipia mwenyewe, hivyo sitaki kupoteza wiki nane nyingine. Naomba ushauri wenu, na pia naomba mnieleze niwaulize nini wenyeji wangu kabla sijakata tiketi.

Daktari Mstaafu, Kaskazini

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi ya mifugo vijijini kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano na nimepokea wanafunzi wengi, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu. Usipime sehemu hizo mbili kwa mashine zilizomo. Pima kwa mambo mawili: ni wanyama wangapi watapita mikononi mwako kwa wiki, na ni nani atakayesimama kando yako akikuuliza kwa nini umefikiri ulivyofikiri. Daktari aliyekutajia upungufu wake kabla hujamuuliza ni mtu ninayemwamini tayari, ingawa simfahamu.

Chukua mfano wa ndigana kali, ugonjwa ambao utaukuta huko bila shaka. Darasani umeshafundishwa vimelea vyake na kupe wa masikio anayeueneza, lakini bado hujawahi kuingiza vidole chini ya sikio la ndama na mbele ya bega lake ukakuta mitoki imevimba, huku kipimajoto kikisoma nyuzi 41 na mama mwenye ndama akikutazama usoni kabla hujatamka neno. Hapo utajifunza kuchoma mtoki kwa sindano, kupaka majimaji yake kwenye kioo, kukipaka kioo rangi ya Giemsa na kukitazama kwenye darubini hiyo hiyo moja. Utajifunza pia kukadiria uzito kwa kamba inayozungushwa kifuani, kwa sababu dozi ya buparvakwoni, dawa ya ndigana kali, ni miligramu 2.5 kwa kila kilo, na ukikosea uzito umekosea dozi ya dawa ambayo mfugaji ameinunua kwa pesa ya ada ya mtoto. Kisha itafika siku utakapomkuta ng'ombe anayehema kwa shida, povu likimtoka puani, na utamsikia daktari wako akimweleza mwenye ng'ombe kwa upole kwamba wamechelewa na kwamba dawa ile huenda isimwokoe. Mazungumzo ya namna hiyo ni sehemu ya tiba, na njia pekee ninayoijua ya kujifunza kuyafanya ni kusimama karibu na mtu anayeyafanya vizuri.

Omba pia asubuhi kadhaa za machinjioni. Wanafunzi wengi hupakwepa kwa sababu ya harufu na kuamka alfajiri, nami huwaonea huruma kwa wanachokikosa. Ni wapi kwingine utakakoona maini yenye minyoo bapa, mapafu na mitoki yenye dalili za kifua kikuu, na vizazi vya ng'ombe kadhaa kwa siku moja? Ukikishika kizazi mkononi machinjioni, ukaipapasa mifuko ya mayai na kuhisi tofauti ya kizazi kitupu na chenye mimba changa, ndipo mkono wako utakapojua unachokitafuta ndani ya ng'ombe aliye hai.

Nakuonya juu ya jambo moja. Mwanafunzi mmoja niliyekuwa naye alikuwa na bidii sana ya kupasua mizoga, na siku moja tuliitwa kwenye boma ambako ng'ombe alikuwa amekufa ghafla, mwili umevimba upesi, na damu isiyoganda inatoka puani na sehemu ya haja kubwa. Kisu kilikuwa tayari mkononi mwake. Nilimzuia, tukachukua tone la damu kwenye mshipa wa sikio, na darubini ikatuonyesha kimeta. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi kabisa, kwa sababu hewa ndiyo inayowafanya vijidudu wale wajigeuze kuwa mbegu zinazoweza kukaa udongoni kwa miongo. Unachomwa au unafukiwa kwa kina, na watu wa boma wanazuiwa kula nyama yake. Kabla ya kwenda, mwulize daktari wako ni magonjwa gani ya kuambukiza binadamu yaliyopo katika eneo lake.

Mpigie simu na umwulize hivi: anatibu wanyama wangapi kwa wiki, nitashika mwenyewe au nitatazama, nani atanisimamia akisafiri, na je, tutarudi kuwaona wanyama tuliowatibu? Swali hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Weka daftari lako binafsi, mbali na lile la chuo, uandike dalili ulizoziona, ulichodhani, kilichofanyika, na hali ya mnyama baada ya siku saba. Kama ingekuwa juu yangu, ningekupeleka wilayani kwa wiki zote nane.

Kliniki ya Mjini

Namheshimu sana mzee aliyetangulia, na kuhusu machinjio sina la kuongeza. Hata hivyo naomba nisimame upande wa mbwa na paka, kwa kuwa mara nyingi wanatajwa kama anasa za matajiri. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu nchini kwetu, hasa watoto, na ili kikomeshwe inatakiwa mbwa wasiopungua asilimia 70 katika eneo wawe wamechanjwa. Daktari asiyeweza kumshika mbwa mkali kwa utulivu hataifanya kazi hiyo vizuri.

Kwenye kliniki kama yangu mwanafunzi hapasui katika wiki za mwanzo, na nakushauri usimwamini anayekuahidi kisu siku ya kwanza. Anachofanya ni kukaa kichwani mwa mbwa aliyepewa nusu kaputi na kuandika kila baada ya dakika tano mapigo ya moyo, upumuaji, rangi ya fizi na joto la mwili. Kazi hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyonifundisha mimi mwenyewe kwamba wagonjwa wengi tunaowapoteza upasuaji ukiwa umekwenda vizuri tunawapoteza wakati wa kuamka, wakati kila mtu ameshavua glovu na kuanza kupongezana. Zaidi ya hapo utaona watoto wa mbwa wenye parvo, ugonjwa wa virusi unaowatapisha na kuwaharisha, wanaohitaji maji ya mshipani usiku na mchana, na uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa mbwa wanapopandana, ambao tunautibu kwa sindano za vinkristini kila wiki na kuuona ukinywea mbele ya macho yetu. Dawa hiyo ni sumu kwa anayeishika bila kinga, na nidhamu ya kuishika utaihitaji popote utakapofanya kazi.

Mimi ningegawa muda: wiki tano wilayani na tatu mjini.

Kabete 2016

Salamu kutoka Kiambu. Nilisomea Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kabete, na sasa nawahudumia wakulima wa ng'ombe wa maziwa wanaofugwa zizini, hali ambayo naamini inafanana sana na ya huko Kilimanjaro. Nakubaliana na wote wawili isipokuwa katika kugawa muda. Katika wiki mbili za kwanza mkulima hakujui, na daktari mwenyewe anakupima bado. Ni kuanzia wiki ya tatu au ya nne ndipo unapoambiwa, "Haya, huyu ni wako, mimi natazama." Ukiondoka katika wiki ya tano umeondoka mlango ulipofunguka.

Nakumbuka ng'ombe wangu wa kwanza wa homa ya maziwa, yaani upungufu wa kalisiamu kwenye damu. Alikuwa amezaa jana yake, amelala chini, shingo imepinda kuelekea ubavuni, masikio ya baridi, na licha ya jina la ugonjwa hakuwa na homa hata kidogo. Msimamizi wangu alinipa chupa ya kalisiamu na kuniambia niiingize mshipani polepole, huku yeye akisikiliza moyo kwa stetoskopu na kunipa ishara ya kusimama kila mapigo yalipobadilika. Alinieleza kwamba anayeharakisha chupa ile anaweza kuusimamisha moyo. Kabla hatujamaliza kunawa, ng'ombe alikuwa amesimama na anatafuta ndama wake. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu kalisiamu, lakini mpaka leo ninaposhika chupa ile ninausikia ule mkono wake ukinigusa begani kuniambia ngoja.

Jambo la vitendo: tafuta chumba karibu na anapoishi daktari, wala si karibu na ofisi. Ndama waliokwama tumboni hawangoji saa za kazi, na mwanafunzi anayekaa mbali husimuliwa asubuhi yale yaliyofanyika usiku. Beba gambuti na ovaroli mbili, kwa kuwa moja itakuwa kwenye kamba ikikauka. Usafishe gambuti kwa dawa kila unapotoka zizi moja kwenda jingine, maana wakulima huliona jambo hilo na ndilo linalowafanya wakuruhusu kurudi.

Mwaka wa Nne, Morogoro

Nawashukuru kwa dhati. Nimempigia simu daktari wa wilaya na kumsomea maswali yale manne. Amesema kwa wastani wanaona wanyama kati ya kumi na tano na ishirini kwa wiki, kwamba nitashika mwenyewe akiwa amesimama kando, na kwamba huwarudia waliotibiwa kila anapopita njia hiyo. Swali la msimamizi wakati wa safari zake ndilo lililomfanya anyamaze kidogo, kisha akasema kuna siku nitabaki na mtaalamu msaidizi wa kata peke yake. Je, siku kama hiyo mfugaji akija mbio kwamba ng'ombe wake anakufa, na yule mtaalamu yuko mbali, nifanye nini? Naogopa kukataa kumsaidia, na naogopa pia kumdhuru.

Daktari Mstaafu, Kaskazini

Hofu zote mbili ni za haki, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya siku hiyo kufika. Kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, kutibu ni kazi ya aliyesajiliwa au kuorodheshwa na Baraza la Veterinari, nawe bado hujafika hapo. Hiyo haina maana kwamba ukae mikono mfukoni. Nenda, mweleze mfugaji tangu mlangoni kwamba wewe ni mwanafunzi, pima joto, hesabu upumuaji na mapigo ya moyo, sikiliza tumbo, tazama macho na fizi, papasa mitoki, kisha mpigie daktari na umsomee ulichokiona kwa utaratibu huo huo. Yeye ndiye atakayeamua nani aje na nini kitolewe. Usichome dawa kwa uamuzi wako, hata kama unaijua vizuri na hata kama mfugaji anakusihi kwa machozi. Ukichoma antibiotiki bila msimamizi, ni nani atakayeandika tarehe ambayo maziwa yataanza kunyweka tena? Watoto wa nyumba hiyo watayanywa jioni hiyo hiyo, dawa ikiwa bado imo ndani yake.

Nikuulize na mimi: umechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa? Wilayani utaletewa mbwa, na hata ng'ombe aliyeng'atwa anaweza kukuambukiza unapoingiza mkono kinywani mwake ukidhani amekabwa na mfupa au kiazi.

Mwaka wa Nne, Morogoro

Sijachanjwa, Daktari. Nasafiri baada ya wiki tatu, na nimeamua kukaa wilayani kwa wiki zote nane. Kliniki ya Dar es Salaam nimewaandikia barua ya shukrani na kuwaomba nafasi ya likizo ijayo.

Kliniki ya Mjini

Wiki tatu zinatosha, ila anza sasa. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018, kinga ya kabla ya kung'atwa ni siku mbili za chanjo, ya pili ikiwa siku saba baada ya ya kwanza. Kadi yake uibebe pamoja na daftari lako. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano bila kupunguza, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo ukiwa na kadi, kwa sababu aliyechanjwa bado anahitaji dozi nyingine mbili, moja siku anayofika na nyingine siku ya tatu baada yake. Mwulize pia daktari wako, kabla hujaondoka Morogoro, ni hospitali gani ya karibu iliyo na chanjo hiyo, kwa kuwa si kila kituo cha afya huwa nayo.