Boti ya Tanga: mmetuuzia tiketi za ndani, mkatupandisha juu kwenye mvua

Wakuu, nimeshuka Tanga kutoka Pemba nimelowa chapachapa, mama mkubwa wangu anatetemeka mpaka hawezi kushika kikombe. Mniwie radhi nikipandisha sauti.

Mvua siilaumu. Ni masika, kusi limeshaanza kuvuma, na tahadhari ya upepo na mawimbi ilishasomwa redioni tangu jana yake. Aliyezaliwa Pemba haendi baharini mwezi huu akitarajia maji matulivu. Ninaowalaumu ni wenye boti, kwa sababu tahadhari waliisikia kama sisi, na bado wakaendelea kukata tiketi mpaka boti inafungua kamba.

Tulilipia viti vya ndani. Kuingia, nusu ya viti vimewekwa magunia na viroba, vilivyobaki vina watu waliolipa mkononi pale pale gatini. Namwonyesha mhudumu tiketi, ananijibu bila hata kuitazama: "Mpeleke bi mkubwa juu, kuna hewa." Mtu mzima, anaumwa miguu, mvua inamwagika, unamwambia akafuate hewa! Huko juu turubai limechanika, maji yanajikusanya katikati halafu yanatumwagikia yote kwa pamoja kila boti inapolala.

Wanaoijua njia hii wanajua kwamba ukiwa bado karibu na Pemba kisiwa kinakukinga kidogo. Ukishatoka kwenye kinga ile unaingia kwenye mkondo wenyewe, kina cha mamia ya mita, na kwa kuwa Tanga iko magharibi, mawimbi ya kusi yanakupiga ubavuni muda wote. Hapo ndipo watoto walipoanza kutapika, mifuko hakuna, na kina mama wakawa wanauliza jaketi okozi ziko wapi. Ziko kabatini. Kabati lina kufuli. Mwenye ufunguo hakuna aliyemjua, na mabaharia wawili waliulizwa wakatupiana mpira.

Yote hayo ningeweza kuyameza. Kuna moja siwezi: wale waliolipa gatini hawakuandikwa majina. Nilikuwa nimesimama hapo, nimeona kwa macho yangu. Pesa inapokelewa, mkono unapungwa, mtu anapanda. Hakuna karani, hakuna daftari, hakuna hata kuulizwa unaitwa nani.

Jamani, hii ni njia ya watu wa Pemba! Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu kupita kiasi ilichoruhusiwa, na idadi ya waliokuwamo ikawa ya kubishaniwa kwa sababu orodha haikulingana na watu. Mwaka haujaisha, tarehe 18 Julai 2012, boti ya Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, bahari imechafuka. Kwetu kuna nyumba ambazo mpaka leo hazijazika mtu wao, na jina lake halikuwa kwenye karatasi yoyote. Baada ya yote yale, mnawezaje kumpandisha mtu botini bila kumwandika?

Msiniambie habari ya nauli ndogo. Kalamu na daftari haviongezi nauli. Kufungua kufuli kabla ya kung'oa nanga hakuongezi nauli. Magunia yana sehemu yake, na kama sehemu imejaa yasubiri safari nyingine, kama ambavyo abiria huambiwa asubiri.

Ninachodai ni hiki: tofauti ya nauli ya ndani na ya juu irudishwe kwa kila aliyehamishwa, na orodha ya abiria wa safari ile ionyeshwe, tuhesabu majina. Mliokuwa nasi msitupe vipande vya tiketi. Malalamiko ya maandishi nayapeleka kwa wasimamizi wa usafiri wa baharini wiki hii, na nataka yaende na sahihi nyingi, si yangu peke yangu. Anayejua jina la aliyekaa jirani yake sitahani aniandikie pia.