Baraza la mji linataka kununua gari la kufagia barabara. Tuulize nini kabla ya kukubali?

Binti wa Kamati

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo kabla ya kikao cha wiki ijayo.

Mimi ni mjumbe mpya wa kamati ya wakazi wa katikati ya mji, ile inayokaa na baraza kuzungumzia usafi. Barabara yetu kuu inafagiliwa kila alfajiri. Hilo sihadithiwi, natoka mapema na nawaona wafagizi. Lakini jua likishapanda, ukipita pale unaweza kuapa kwamba haijaguswa wiki nzima: mapipa yamefurika, makaratasi yamejibana ukingoni, mchanga umerudi palepale ulipotolewa, vichungi vya sigara ndiyo usiseme.

Sasa baraza limekuja na dawa yake. Linataka kununua gari la kufagia, lile lenye brashi za kuzunguka na mdomo wa kunyonya taka, halafu wafagizi wapunguzwe. Wenzangu kwenye kamati wamefurahi, picha za gari zinavutia kweli. Mimi nasita, ila kusita si hoja. Walio na uzoefu wa kazi hii, nikiwa mbele ya wale maofisa niulize nini?

---

Kijana wa Ghorofani

Dada, tatizo ni watu, siyo gari wala fagio. Singapore walianza kampeni ya usafi mwaka 1968, wakatoza faini bila kuoneana haya, na mwaka 1992 wakapiga marufuku hata kuingiza jojo nchini. Faini kali, mji unang'aa. Hayo mengine ni kuzunguka mbuyu.

---

Nyapara Mstaafu

Bibie, umefanya vizuri kusita. Nimesimamia wafagizi wa baraza hadi nikastaafu, na hilo gari pia limepita mikononi mwangu. Si baya. Ila lina masharti, na muuzaji hayataji.

Kwanza elewa uchafu unakaa wapi. Barabara hujengwa imeinuka kidogo katikati ili maji yateremke pembeni. Magari yakipita, upepo wake nao unasukuma kila kitu kuelekea pembeni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mchanga na takataka utaikuta kwenye ule mstari mwembamba uliogusana na mawe ya ukingo. Gari la kufagia limetengenezwa hasa kwa ajili ya mstari huo. Brashi ya pembeni inakwangua ukingoni na kusukumia taka chini ya gari, mdomo unanyonya, maji yananyunyizwa vumbi lisitimke.

Sasa jiulize: kwenye barabara yenu kuu, mstari huo uko wazi, au kuna magari yameegeshwa juu yake? Kama yameegeshwa, dereva atakwepa kila gari, atafagia katikati ya barabara ambako hakuna uchafu, atajaza fomu kwamba njia imekamilika, na kweli atakuwa amepita. New York waligundua hili zamani, ndiyo maana tangu mwaka 1950 wana utaratibu wa kuhamisha magari: siku hii upande huu, siku nyingine upande wa pili. Bila utaratibu wa namna hiyo na mtu wa kuusimamia, mtakuwa mmenunua gari la kutalii mjini.

Pili, je, kuna mawe ya ukingo? Penye lami iliyokatika na udongo mtupu pembeni, brashi itachimba udongo badala ya kuufagia. Nimeona tangi la taka linajaa mchanga kabla dereva hajafika mtaa wa pili. Mchanga ni mzito na unakula brashi. Uliza brashi za akiba ziko kwenye bajeti ya mwaka gani, maana gari hununuliwa mara moja, brashi hazina mwisho. Uliza pia litajaza maji wapi na kumwaga taka wapi. Dampo likiwa mbali, gari litakuwa njiani muda mrefu kuliko linavyofagia.

Tatu, na hapa ndipo nilipokuwa nagombana na wakubwa: gari haliingii kwenye njia ya waenda kwa miguu yenye nguzo, benchi, miti na ngazi. Haliingii nyuma ya kibanda cha kituo cha basi. Huko ni mtu na fagio. Utaratibu unaofanya kazi ni mfagizi kutangulia, akitoa taka ukutani na kwenye kona na kuzishusha ukingoni, gari likimfuata nyuma na kunyonya. Ukiwapunguza wafagizi kwa sababu umenunua gari, gari linakosa wa kulitangulia. Hesabu hiyo hupendeza kwenye karatasi tu.

Kijana wa Ghorofani, faini sizikatai. Ila hata Singapore wanaajiri jeshi la wafagizi hadi leo. Na huwezi kumtoza faini mtu aliyeweka karatasi yake juu ya pipa lililojaa. Alitaka afanye nini?

---

Fundi Mitaro

Naunga mkono, na naongeza la kwangu kwa sababu mzee kaliacha. Dada, uliza taka zinaishia wapi *kabla* ya gari kufika. Kazi yangu ni mitaro ya maji ya mvua. Nikifungua chemba za katikati ya mji, ninachokuta ni uchafu uliofagiliwa. Mfagizi kachelewa, toroli limejaa, kizoleo kimevunjika, basi anasukumia kwenye wavu wa chuma unaofunika mtaro na barabara inaonekana safi. Mvua ya kwanza ikinyesha inarudisha kila kitu barabarani, pamoja na maji.

Tena watu wanadhani kila shimo la barabarani linakwenda kwenye mtambo wa kusafisha maji. Sehemu nyingi mitaro ya mvua inakwenda moja kwa moja mtoni au baharini. Kichungi cha sigara kinaonekana kama pamba lakini ni aina ya plastiki, hakiozi kesho wala keshokutwa. Kikipita kwenye wavu ndiyo kimekwenda.

Kwa hiyo waulize: chemba zinazibuliwa lini, na je, ni kabla ya msimu wa mvua au baada ya mafuriko?

---

Msoma Sheria

Binti wa Kamati, mimi ningeanzia mbali zaidi: baraza linalipa nini hasa? Linalipa barabara *ifagiliwe*, au linalipa barabara *iwe safi*? Mkataba ukisema "mara moja kila siku alfajiri", mkandarasi akishafagia alfajiri amemaliza, hata saa nne pakiwa jalala.

Uingereza walilitatua kwa sheria ya mazingira ya mwaka 1990. Wanapima hali ya barabara kwa madaraja manne: A hakuna taka, B vipande vidogo vichache, C taka zimesambaa na zimeanza kujikusanya, D imechafuka vibaya. Mwongozo wa sheria hiyo unapanga maeneo kwa wingi wa watu, na kila eneo lina muda wake wa kurudishwa katika hali nzuri. Katikati ya mji penye watu wengi muda ni mfupi sana, unahesabiwa kwa nusu siku. Mtaa wa makazi uliotulia unapewa siku nyingi zaidi. Sheria hiyo inamruhusu hata mwananchi wa kawaida kulipeleka baraza mahakamani kwa sababu ya taka, mradi kwanza alipelekee baraza notisi ya maandishi ya siku zisizopungua tano.

Sisemi mnakili. Nasema ombeni kiwango kiandikwe, chenye picha za mfano, ili wewe na ofisa mkisimama mahali pamoja msibishane kama pasafi au pachafu.

---

Binti wa Kamati

Asanteni sana, nimeandika mpaka mkono umechoka. Mzee Nyapara, shikamoo, nina mawili ya nyongeza. Kwanza, mapipa. Kuna mjumbe anataka tuombe mapipa mara mbili ya yaliyopo. Mwingine anasema yaondolewe yote kama Tokyo. Pili, kwa nini barabara inachafuka haraka hivyo baada ya kufagiliwa? Hilo ndilo linaloniumiza kichwa.

---

Nyapara Mstaafu

Marahaba bibie.

Nianze na la pili, kwa sababu ndilo lenye ufunguo. Kesho alfajiri simama pale uangalie kinachotangulia: fagio au lori la taka? Nakisia fagio. Mfagizi anamaliza, barabara safi, halafu lori linakuja kuchukua mifuko iliyoachwa mbele ya majengo. Mifuko imechanwa na mbwa na kunguru usiku, wapakizi wanaitupia kwa haraka, mmoja unapasuka, majimaji yanachuruzika hadi kwenye kona. Lori likiondoka, alfajiri yote ya mfagizi imeharibika, na zamu yake imeisha. Kubadilisha hili hakuhitaji ununuzi wa kitu chochote. Lori lipite kwanza, fagio lifuate, wa kuosha lami yenye mafuta awe wa mwisho. Lakini lori liko idara moja, fagio idara nyingine, na wakuu wake wawili huenda hawajawahi kukaa meza moja. Ningekuwa wewe, hoja hii ndiyo ningeitanguliza kikaoni, kabla hata ya gari kutajwa.

La pili katika hilohilo: zamu moja ya alfajiri haitoshi penye watu wengi. Si lazima barabara ifagiliwe upya yote. Mtu mmoja mwenye toroli na koleo refu, anayezunguka mchana akiokota na kuangalia mapipa, anafanya kazi kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu taka huita taka. Nilikuwa na mama mmoja kwenye zamu ya mchana, hana haraka, anasalimia kila mtu, na kipande chake ndicho kilichokuwa kisafi kuliko vyote. Watu walikuwa wanaona haya kutupa kitu mbele yake.

Mchanga nao una mahali unapotoka. Fuata alama za matairi. Mara nyingi zitakupeleka kwenye lango la jengo linalojengwa, malori yanatoka na matope. Huyo anatakiwa aoshe magurudumu kabla hajaingia kwenye lami, na ni kazi ya baraza kumwambia. Kila siku mnalipa mtu afagie udongo wa mwenye jengo.

Sasa mapipa. Mara mbili ya yaliyopo maana yake ni mara mbili ya kuyamwaga. Kama yaliyopo tu hayamwagwi kwa wakati, mtaongeza sehemu za kufurika. Pipa liwekwe pale mtu anaposimama au kumaliza kitu: kituo cha basi, kivuko, mlango wa benki, mwisho wa ngazi. Pipa lililowekwa katikati ya ukuta mrefu kwa sababu mhandisi alipima umbali sawa huwa tupu, huku la kona likitapika. Mdomo wa pipa uwe mdogo. Ukiwa mpana, asubuhi utakuta mifuko ya taka za nyumbani na za maofisini imeshindiliwa humo, na mpita njia hana pa kutupia.

Tokyo waliondoa mapipa mengi ya mitaani baada ya shambulio la gesi ya sarini kwenye treni za chini ya ardhi mwaka 1995. Haikuwa hila ya usafi. Watu wale walikuwa tayari wamezoea kurudi na taka zao nyumbani, na hata leo utakuta vyombo vya chupa pembeni ya mashine za kuuzia vinywaji. Mkiyaondoa yenu kesho, kichungi na chupa vitakwenda kwa Fundi Mitaro.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna atakayekutajia kikaoni: mipaka. Njia ya miguu ni ya baraza, barabara yenyewe pengine ni ya wakala wa barabara, kituo ni cha kampuni ya usafiri, kile kipande mbele ya jengo ni cha mwenye jengo. Kila mfagizi anaishia penye mstari wake. Omba ramani inayoonyesha nani anafagia wapi, kisha tembea nayo. Uchafu mkubwa utaukuta juu ya mistari yenyewe.

---

Kijana wa Ghorofani

Mzee, nimekubali nusu. Faini bado naitaka, ila iwe kwa yule mwenye jengo la matope.

---

Nyapara Mstaafu

Hapo tuko pamoja, kijana.

---

Binti wa Kamati

Nimepita leo alfajiri. Ni kama ulivyosema mzee: mfagizi kwanza, lori baadaye, na mifuko miwili imepasuka mbele ya macho yangu. Nimepiga picha ya lori na barabara tu, nyuso za watu nimeziacha. Nilimsalimia mfagizi, akaniambia kwamba glavu zake amenunua mwenyewe. Hilo nalo nitalisema kikaoni, au litaonekana dogo?

---

Nyapara Mstaafu

Liseme, tena mapema. Umefanya vizuri kuacha nyuso, maana picha ya mfagizi ikifika mezani, atakayeadhibiwa ni yeye. Ndani ya taka kuna vioo vilivyovunjika na sindano. Mfuko haubanwi kwa mkono na haubebwi ukigusa mguu, na mtu asiye na glavu nene ataacha vitu fulani pale chini, na ana haki. Uliza pia mafagio: mpini mrefu au mfupi? Anayefagia ameinama hawezi kumaliza kipande kile kile na anayefagia amesimama wima.

Na gari likinunuliwa hata hivyo, ulizia karakana: nani kafunzwa kulitengeneza, na likiharibika siku tatu, barabara kuu inarudi kwa nani. Jina la huyo mtu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.