Darasa la kwanza, watoto 70, mahitaji tofauti: kipindi cha kusoma nikipangeje?

MwlMagu
Walimu wenzangu, mtoto mmoja ana ualbino na ubaoni haoni vizuri, mwingine ana usikivu hafifu, na wengi nyumbani wanaongea Kisukuma. Nianzie wapi?

ChakiNyeupe
Viti kwanza. Mwenye ualbino akae mbele, mbali na dirisha, na kofia avae hata darasani; mwanga mkali unamsumbua, na vya mbali havioni vizuri. Aruhusiwe kusogea mpaka ubaoni. Mwenye usikivu hafifu lazima aone midomo yako, kwa hiyo usiongee umegeukia ubao wala usisimame dirishani, uso unakuwa giza.

SilabiKwanza
Kata kadi za maboksi, herufi kubwa za maka pen nyeusi. Anza na m, b, k, t, l kwa irabu zote 5: silabi 25. Kila silabi nakala 2, la sivyo "baba" na "kuku" hayaundiki! Kwa Wasukuma, r ichelewe. L ikishakaa ndipo ulete jozi kama kula/kura, mahali/mahari. Akisoma "lafiki" usimkatize, maana ameielewa.

MwlMagu
Na makundi? Nilifikiria wazito wa kusoma wakae peke yao.

ChakiNyeupe
Hapana, watabaki hukohuko mwaka mzima. Changanya, makundi 10 ya watoto 7, na kila siku sikiliza makundi 2, mtoto mmojammoja, kadi zikiwa zimevurugwa. Kuitikia kwa pamoja kunaficha waliokariri.